Umetoka mazoezini Kampala: nunua nini unywe?

Orodha hii nimeipanga kwa kipimo kimoja tu: kinywaji gani kinabaki mwilini. Kukata kiu ni jambo jingine, hata soda baridi inakata. Jasho hutoka na chumvi, na maji matupu yakiingia bila chumvi, sehemu kubwa huishia chooni.

Kama una mizani nyumbani, jipime kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Rudisha lita moja na robo hadi moja na nusu, kidogo kidogo kwa saa chache.

1. Maji na chakula chenye chumvi. Kwa anayekimbia chini ya saa moja, hapa pesa yako inatosha. Beba maji uliyochemsha nyumbani, kisha nunua rolex njiani, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai. Chapati na mayai vinaleta chumvi unayoihitaji. Ukinunua chupa, sikiliza kifuniko kinavyokatika unapokizungusha na utafute alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Maji ya kaveera (mfuko wa plastiki) yanayouzwa teksi paki, kituo cha teksi, siyapendekezi. Hujui yalikojazwa, na unang'ata kwa meno plastiki iliyopita mikono mingi.

2. Maziwa. Wengi hawaamini, lakini maziwa hukaa mwilini zaidi kuliko maji matupu, kwa sababu yana sodiamu, potasiamu, sukari yake ya asili na protini, na hutoka tumboni polepole. Kampala tuna bahati: maziwa kutoka Ankole, magharibi mwa nchi, yanauzwa kwa kikombe kwenye maduka yenye friza kila mtaa. Tumbo likikusumbua, jaribu bongo, yaani maziwa ya mgando, isiyotiwa sukari. Tahadhari moja: usinywe kisha ukarudi kukimbia.

3. ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Hii ni ya mechi ya saa saba mchana, mbio ndefu, au mtu ambaye fulana yake ikikauka inabaki na michirizi myeupe ya chumvi. Ipo kila duka la dawa na bei yake ni ndogo. Paketi ya kawaida ina gramu 13.5 za glukosi na 2.6 za chumvi, na imepimwa kwa lita moja kamili. Watu huimimina kwenye chupa ya nusu lita kwa sababu ndiyo waliyoshika. Ikiwa kali hivyo, inavuta maji kuyaingiza tumboni badala ya kuyapeleka kwenye damu, na unaweza kuharisha. Paketi ikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Onja. Isizidi chumvi ya machozi.

4. Bushera na juisi ya pasheni. Bushera, uji uliochachushwa wa mtama au ulezi, ikiwa changa ni nzuri, ina wanga na maji pamoja. Ile iliyokaa siku nyingi huanza kuwa pombe, kwa hiyo muulize muuzaji ameitengeneza lini. Juisi ongeza maji nusu kwa nusu, na chembe ya chumvi.

5. Vinywaji vya michezo vya chupa. Vinafaa ukizidisha saa moja. Soma lebo: karibu gramu 6 za sukari kwa mililita 100 ni sawa. Ukifanya mazoezi chini ya saa moja, unanunua rangi.

6. Soda. Sukari yake ni kama gramu 10 kwa mililita 100. Pita.

7. Vinywaji vya kuongeza nguvu. Madereva wa boda wanavipenda, na kwa kukesha sina ubishi nao. Lakini kopo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80 za kafeini, na moyo wako tayari unakwenda mbio. Havikutengenezwa kurudisha maji.

Bia baada ya mpira wa Jumapili sikuipa namba. Kama marafiki wameshaagiza, maliza kwanza chupa kubwa ya maji pamoja na muchomo (nyama choma) na chumvi yake, bia ije nyuma.