Viola Davis: Rose wa jukwaani na Rose wa kwenye filamu

Ni nadra mwigizaji kutuzwa mara mbili kwa mhusika mmoja. Viola Davis alimcheza Rose Maxson wa tamthilia ya Fences, ya August Wilson, kwanza Broadway, kwenye kumbi kuu za tamthilia jijini New York, mwaka 2010, kisha kwenye filamu ya 2016 iliyoongozwa na Denzel Washington. Mume wa Rose, kote kuwili, ni Washington huyohuyo.

Jukwaani alipata Tony, tuzo ya tamthilia za Broadway, kama mwigizaji bora wa kike katika nafasi kuu. Kwenye filamu alipata Oscar mwaka 2017, lakini kama mwigizaji msaidizi. Mhusika ni yuleyule. Kilichobadilika ni kundi aliloshindania, na kwa maoni yetu Rose si msaidizi hata kidogo.

Kazi yenyewe ndiyo hutofautiana zaidi. Broadway kwa kawaida ni maonyesho 8 kwa wiki: kilio kilekile kila usiku, sauti ifike viti vya nyuma bila koo kukauka. Ukikosea mstari, hakuna kurudia, unaendelea tu. Mbele ya kamera onyesho hurudiwa kwa pembe tofauti, kwa hiyo machozi na mkono viwe palepale, la sivyo mhariri hawezi kuunganisha vipande. Sauti ya ukumbini hapo huonekana ni kelele. Davis hakuipunguza hasira ya Rose. Aliihamishia usoni, kamasi zikimtiririka bila kufutwa. Mtazamaji wa safu ya nyuma asingeziona.