Keria, madigadi na kikapu: mwaka mmoja na baiskeli yangu ya kazini, Mtwara

Kilichonipeleka dukani ni kanzu nyeupe. Zilibaki siku tatu Idd ifike, nimeshona mpaka usiku wa manane, asubuhi nikaikunja vizuri, nikaitia kwenye begi la mgongoni, nikapanda baiskeli kutoka Mikindani kuja mjini. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nilipofika kwa mteja Chikongola, begi lina mstari wa tope jekundu toka chini hadi juu, na pale kwenye zipu tope limeshapenya na kuikuta kola. Hali ya mgongo wangu sisemi. Mteja hakugomba. Aliigeuza ile kola mara mbili, halafu akaniuliza, "Sasa dada, mimi Idd naswalia nini?" Nikarudi nayo, nikaifua mara tatu.

Baiskeli yenyewe ni hizi za gia, mtumba, ringi namba 26. Nyepesi, inakimbia, lakini ilikuja uchi: haina madigadi, haina keria, stendi pia haina. Mimi ni fundi cherehani, nalala Mikindani, kibanda changu kiko karibu na Soko Kuu. Ni kilomita kama 10 kwenda na 10 kurudi, asubuhi na vitambaa, jioni na samaki au mihogo. Wazee wetu na baiskeli zao za Phoenix walikuwa wanakuta kila kitu kimeshafungwa, mpaka kifuniko cha cheni. Sisi tukakimbilia gia.

Nilinunua vitu vitatu kwa mara moja, duka moja la mjini (jina silitaji): keria ya chuma 28,000, madigadi ya plastiki pea moja 12,000, kikapu cha waya cha mbele 18,000. Kosa langu, sikwenda na baiskeli. Nilisema tu "ya ishirini na sita", kijana akanipa. Hakuniuliza upana wa tairi, na mimi sikujua kama unaulizwa. Tairi langu limeandikwa 26 x 1.95, yaani upana karibu sentimita tano. Yale madigadi yalikuwa membamba kuliko tairi lenyewe. Nilijaribu kuyafunga mwenyewe, na mvua ya kwanza maji yakaruka pembeni kushoto na kulia kama vile hakuna kitu. Kuyarudisha, nikaoneshwa kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudi. Basi, 12,000 ikaenda hivyo.

Nikampelekea fundi mmoja mzee hapa Mikindani, anakaa chini ya mwembe na sanduku lake la spana. Huyu ndiye aliyenifanya niandike haya yote, kusema kweli.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea baiskeli au umeniletea mashtaka?"

Aliyaangalia yale madigadi, akayaweka kando bila neno. Akatoa mengine kwenye gunia lake, ya plastiki ngumu, mapana, yenye miguu ya waya mnene inayoshuka hadi karibu na ekseli. Yametumika, lakini mazima. Alinichaji 8,000. Akayapachika, akapitisha kidole chake cha shahada kati ya tairi na madigadi, kuanzia juu mpaka nyuma. Kidole kikikwama analegeza nati, anavuta waya, anakaza tena. Kikipwaya vilevile. Nafasi ikiwa ndogo sana, alisema, tope la kichanga linajaa na kusugua tairi. Ikiwa kubwa, madigadi yanacheza na kupiga kelele. Zile ncha za waya zilizozidi alizikata kwa msumeno wa chuma, akazipiga tupa mpaka zikawa butu. Nilimuuliza kwa nini anahangaika hivyo. Akanionesha kovu kwenye ugoko wake.

La mbele alilishusha nyuma kidogo kuliko nilivyotaka mimi, na akaongeza ulimi wa mpira wa tairi la zamani chini kabisa. Huo ulimi naupenda kuliko vyote nilivyolipia. Bila huo, maji ya gurudumu la mbele yanakupiga miguuni na kwenye cheni, na cheni ikishakunywa maji na mchanga haina maisha.

Keria nayo ilileta kisa. Fremu yangu ina vitundu chini, karibu na ekseli, lakini juu haina. Babu alizungusha vibano viwili vya bati kwenye vile vyuma vyembamba vinavyoshuka kutoka kwenye kiti, ndani yake akaweka vipande vya tyubu chakavu ili visiteleze na visikwangue rangi. Kazi nzuri. Kesho yake nikaanza safari, na nikiweka gia nyepesi baiskeli kimya, nikitia ile nzito ya kukimbilia, inasema tk-tk-tk-tk. Nilidhani ni kitu cha ndani kimevunjika. Nikafika mjini nimekasirika, nikarudi jioni hivyohivyo. Kumbe bolti ya kulia ilikuwa ndefu, ncha yake imechungulia ndani na kugusa cheni inapokuwa kwenye meno madogo ya mwisho. Babu aliitoa, akaweka fupi, na nati yenye nailoni ndani ambayo hailegei kwa mtikisiko. Hakunitoza. "Hiyo yangu," alisema, na mimi nikaona ni mtu wa kurudiwa. Kwa hiyo wewe ukifungiwa keria, kabla hujalipa, inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali, pitisha gia zote.

Baada ya hapo keria haijanipa neno. Imegongwa maandishi ya 25 kg, na nimeshabebea mfuko wa unga wa kilo 25 pamoja na marobota ya vitenge juu yake, dhambi hiyo naikiri. Yenyewe haikupinda. Zilizokatika ni spoki mbili za gurudumu la nyuma, maana mzigo mwisho wake unakaa huko. Mzigo naufunga kwa mpira wa tyubu uliokatwa mkanda mrefu, siyo kamba. Mpira unauma na haulegei kwenye mashimo. Jambo jingine la kuangalia ni kisigino. Furushi likining'inia pembeni na kusogea mbele, kila ukikanyaga pedali unalipiga teke. Na kile kitaa chekundu cha kuakisi mwanga kilichokuwa chini ya kiti kilifichwa na mizigo, nikakihamishia kwenye madigadi ya nyuma. Magari ya usiku barabara ile hayana subira.

Sasa kikapu. Hapa ndipo sina furaha kamili.

Kwa vitu vyepesi ni raha: mkoba, mkasi, simu, chupa ya maji, mchicha. Lakini kilifungwa kwenye usukani peke yake, kwa hiyo kila kilichomo kinageuka pamoja na usukani. Siku moja nilipakia nazi sita. Kwenye mteremko wa kushukia Mikindani usukani ukaanza kutetemeka, nikashika breki, na breki ikawa nzito ajabu. Nilisimama salama, nazi moja ikaendelea na safari yake. Nilipochunguza, kikapu kilikuwa kimeinamia na kuzikunja waya za breki na gia kwa mbele. Babu akaniwekea miguu miwili ya chuma kutoka chini ya kikapu hadi kwenye ekseli ya mbele, 6,000, na akazipitisha waya pembeni. Sasa kinakaa imara, ila nazi zaidi ya tatu siweki. Na ukiegesha kikiwa na mzigo, gurudumu la mbele linajigeuza lenyewe na baiskeli inalala chini. Hata stendi ya upande mmoja haiwezi kutosha. Nikipata ya miguu miwili nitanunua.

Halafu kutu. Sisi tuko baharini, upepo wa chumvi unaingia mpaka kabatini. Kikapu kimepakwa rangi nyeusi tu, na pale kufuli lilipokuwa linagonga rangi ikabanduka, miezi miwili kutu imeshatambaa kwenye viungo. Nguo za watu haziingii humo tena bila kutandika kitambaa. Keria imepakwa zinki, bado inang'aa isipokuwa kwenye bolti. Nilikuwa najidai, nazipaka bolti mafuta ya cherehani kila Ijumaa, mpaka babu akacheka: hayo ni mepesi, mvua moja yameondoka. Sasa napaka grisi kidogo, na nikitoka kwenye maji ya chumvi au matope nasuuza kwa maji baridi na kukausha.

Pesa yote imefika 75,000 na ufundi, pamoja na ile 12,000 ya bure. Keria ningeinunua tena kesho. Madigadi ya plastiki yanafaa yakiwa mapana na yenye miguu ya waya, ila yale ya kubana kwa klipu msinunue hata mkipewa kwa nusu bei. Kikapu cha aina ile ningekiacha dukani, nikafunga tenga dogo la kusuka juu ya keria, kama wafanyavyo wauza samaki. Halishiki kutu na likichoka unaletewa jingine.

Kilichobaki ni kifuniko cha cheni. Dera la pili limeshatafunwa upindo, na mimi fundi cherehani nimechoka kujishonea viraka. Babu amesema nimletee kipande cha bati, atanikatia Jumamosi.