Mtego wa radi kwenye gesti yangu Bukoba: nilicholipia na nilichopata

Kwa wanaoniuliza kama mtego wa radi niliofungiwa una thamani ya pesa yake: unayo, ila thamani hiyo haiko kwenye ile sehemu mnayoiona juu ya paa. Nina gesti ya ghorofa moja hapa Hamugembe. Bati la msauzi, tenki la maji juu ya mnara wa chuma nyuma ya jiko, madishi mawili, kamera, na friji ambazo zikizima wateja wa soda wanahamia kwa jirani. Kampuni niliyoitumia inatoka Mwanza. Jina silitaji, maana nina malalamiko nayo na sitafuti ugomvi, ila kazi yenyewe nitaieleza mpaka anayetaka kufunga ya kwake ajue cha kudai.

Radi za kwetu mnazijua. Mawingu hujikusanya ziwani usiku na kutufikia sisi wa upande wa magharibi alfajiri, na kwa mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka hatupumziki sana. Mgeni wa Dodoma akilala kwangu msimu wa senene, saa kumi na moja alfajiri yuko mapokezi na shuka mabegani anauliza kimelipuka nini. Wazee wetu hufunika vioo kwa kanga na kuzima redio, na wapo wanaosema radi fulani imetumwa kutoka Sumbawanga. Kuzima na kuchomoa kuna faida ya kweli. Vioo vyenu viacheni tu.

Kilichonisukuma kutoa pesa ni radi iliyopiga mkaratusi wa jirani, nje kabisa ya kiwanja changu. Bati halikuguswa hata kidogo. Lakini king'amuzi, ruta, ubao wa friji moja na chaja za wateja wawili vilikufa kwa mkupuo. Radi ya kawaida hubeba ampea 30,000 hivi, na kubwa zinafika 200,000. Si lazima ikupige wewe. Ikipiga mti au nguzo ya karibu, msukumo wake unaingia kwenye nyaya za umeme na za dishi, unakufuata hadi sebuleni. Stabilaiza na frijigadi zimetengenezwa kwa umeme unaopanda na kushuka, na msukumo wa radi unapita kabla hazijafanya lolote.

Muuzaji wa kwanza kuja alileta kichwa cha kisasa kinachong'aa, milioni tisa, akaniambia kitalinda gesti, kanisa na nusu ya mtaa, zaidi ya mita mia kila upande. Vichwa vya aina hiyo vina kiwango chake cha Ufaransa na vinauzwa sana. Ila kiwango cha kimataifa, IEC 62305, hakivihesabii zaidi ya fimbo ya kawaida yenye kimo hichohicho, na wanasayansi wa radi wamebishana na wauzaji wake miaka mingi. Nikamwuliza kuhusu erthi, yaani njia ya kuishusha radi ardhini, ambayo ukinzani wake hupimwa kwa omu na namba ikiwa ndogo ndiyo nzuri: "Erthi itasoma omu ngapi, na mtaipima mbele yangu?" Akasema, "Mama, hayo tuachie sisi wataalamu." Waitu! Nikampa chai, akaenda zake.

Kijana wa Mwanza niliyemwuliza swali hilohilo alijibu, "Chini ya kumi, mama, na utasoma mwenyewe." Kisha akachukua chungwa mezani na kiberiti changu cha jikoni, akaviringisha chungwa juu ya kiberiti taratibu. Popote ganda lilipogusa, akasema, ndipo radi inapoweza kutua. Kwa jengo langu chungwa hilo walilihesabu kama tufe lenye nusu kipenyo cha mita 45. Likagusa kona za paa, mgongo wa paa na juu kabisa ya tenki. Kwa hiyo nikawekewa fimbo fupi kadhaa badala ya mlingoti mmoja mrefu, na mnara wa tenki nao ukaunganishwa. Kutoka juu wameshusha utepe wa aluminiamu, kwa sababu shaba ikionekana hailali siku mbili bila kufika kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Karibu na ardhi kuna kiunganishi maalumu, kisha shaba ndiyo inayozama, maana aluminiamu ikizikwa inaliwa.

Sasa ardhini. Huku ndiko pesa yangu ilikokwenda na sijutii. Kilima chetu udongo ni kiganja tu, chini yake mwamba. Rodi ya kwanza iligoma kabla haijafika nusu, wakapiga nyundo mpaka kichwa chake kikafunguka. Fundi mvivu angeikata msumeno, akafukia, akadai hela. Hawa walichimba mtaro, wakalaza utepe wa shaba ndani yake na kuuzungushia bentonaiti, ule udongo laini unaoshika maji. Niliwataka waje Julai, kiangazi, kwa sababu ardhi yenye maji inaipendelea erthi na namba utakayoisoma wakati wa masika inadanganya. Kijana akachomeka vijiti viwili mbali kwenye shamba la migomba, akavuta nyaya, akaniita. Kipimo cha kwanza kilikuwa omu 38. Hakunificha. Wakaongeza mtaro mwingine hadi nyuma ya mnara, wakapima tena, 7.6. Namba hiyo nimeiandika kwa wino ndani ya mlango wa bodi ya umeme.

Fundi wangu wa zamani alikuwa akisisitiza kwamba erthi ya radi na erthi ya umeme zisikutane. Hawa waliziunganisha, na maelezo yao yaliniingia. Radi ikizama, ardhi ya pale inapanda volti kwa muda mfupi sana. Kama una erthi mbili zilizotengana, moja ikapanda na nyingine ikabaki chini, tofauti hiyo inatafuta njia, na njia iliyopo ni friji yako.

Kwenye bodi waliweka aresta kubwa, kifaa cha kuugeuza msukumo wa radi uende ardhini, mara tu baada ya meini swichi, na nyingine ndogo kwenye bodi ya ghorofani. Fundi wao mmoja alizifunga kwa nyaya ndefu alizozikunja vizuri, zinapendeza macho. Kijana akafika, akazikata zote. Waya wa aresta, alisema, usizidi nusu mita, ukiwa mrefu msukumo unawahi kwenye vitu vyako kabla ya kwenda ardhini. Nendeni mkafungue bodi zenu mpime kwa rula.

Masika yaliyofuata radi ilipiga karibu sana, taa zikazima mtaa mzima. Asubuhi nilikuta kidirisha kimoja cha aresta kimegeuka chekundu kutoka kijani, yaani kile kipande kimejitoa mhanga. Kinachomoka, unaweka kingine, bila kubadilisha kifaa chote. Runinga zote zikawaka, friji zote, ruta pia. Siwezi kuapa kwamba bila aresta zingekufa, lakini ya mkaratusi nayakumbuka.

Kilichokufa ni kamera ya getini, na hapo ndipo lalamiko langu la kwanza. Waya wake mrefu unaingia ndani moja kwa moja kutoka nje, na wao walipita wakauona. Kinga ya waya wa kamera haikuwemo kwenye makadirio. Nilipopiga simu wakasema ni kazi ya nyongeza. Nyongeza hutajwa kabla, jamani. La pili, ripoti ya vipimo niliipata baada ya kupiga simu mpaka nikachoka, na bila ripoti hiyo ukaguzi wa kila mwaka hauna cha kulinganisha nacho.

Jumla nililipa milioni nne na laki sita, zaidi ya nusu ikiwa ya ardhini. Wageni nimewabandikia tangazo wasikae karibu na tepe zile wakati wa radi, angalau mita tatu, na wasijikinge chini ya miti. Mtego wa jengo haumlindi aliye uani. Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wa Sekondari ya Businda, Bukombe, na tangu hapo watoto wa jirani wakichezea uani kwangu mvua ikianza nawaingiza ndani wote, wapende wasipende.

Nawapa nyota nne. Ya tano wataipata wakileta mfuniko wa shimo la pili la kukagulia erthi, maana hadi leo nimelifunika kwa sufuria la pilau lililotoboka na wapishi wananidai.