Udongo, Moto, Hewa na Maji: Tathmini ya Kikundi cha Tiba ya Sanaa Kampala

Kikundi ninachokitathmini, cha tiba ya sanaa, yaani kuchora na kufinyanga ili kutuliza moyo, hukutana Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa kupanga kusini mwa Kampala, na huendeshwa kwa Kiswahili, jambo ambalo peke yake linatosha kumvuta mtu, kwani ushauri nasaha mwingi mjini hutolewa kwa Kiingereza au Kiluganda. Wengi wa washiriki ni Wakongo waliokimbia vita. Wamo pia Wakenya wachache wanaofanya kazi hapa, na Waganda waliokipata Kiswahili jeshini au kwenye malori. Jina la kikundi silitaji, maana waliokwenda pale hawakwenda ili wajulikane.

Mpango wake umejengwa juu ya vitu vinne vya kale: udongo, maji, hewa na moto, kila kimoja na kipindi chake. Mwezeshaji alieleza kwa ufupi kwamba Empedocles, mwanafalsafa wa Sisilia wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliviita mizizi ya vitu vyote, na kwamba jina la tiba ya sanaa lilianza kutumiwa mwaka 1942 na mchoraji Mwingereza Adrian Hill, aliyegundua faida ya kuchora alipokuwa akiugua kifua kikuu. Hata hivyo, wasikilizaji wa Kiswahili hawakuvijua vitu hivi vinne kutoka Ugiriki. Wamevijua kwa wanajimu, wanaomwambia mtu kwamba nyota yake ni ya moto au ya upepo. Haikushangaza basi kijana mmoja kutaja tarehe yake ya kuzaliwa akitaka aambiwe nyota yake, wala mlokole aliyekaa karibu yake kukisogeza kiti chake hadi mlangoni. Mwezeshaji alijibu kwamba pale hakuna anayetabiriwa, kisha akaweka donge la udongo mbele ya kila mmoja. Sikuona jibu bora zaidi ya hilo katika vipindi vyote.

Kipindi cha udongo ndicho kinachostahili sifa. Udongo ulitoka Kajjansi, kunakochimbwa udongo wa matofali na vigae, nao ulikuwa bado na mizizi myembamba ambayo kila mtu alilazimika kuing'oa kwa kucha kabla ya kufinyanga chochote. Kazi hiyo ndogo iliwatuliza watu kuliko maelezo yoyote. Baba mmoja aliyekuwa ameapa kwamba hajui sanaa alifinyanga kinu, akakosa udongo wa kutengeneza mchi, na aliyeketi mkabala naye akamkatia kipande cha wake bila kuombwa. Baadaye vifinyango vyote viliwekwa juu ya lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, lililotandazwa sakafuni, kwa sharti kwamba kila mtu anaweza kukihamisha chake lakini hagusi cha mwenzake. Lubugo, ambalo ufundi wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa utamaduni, lilichaguliwa kuwakilisha ardhi. Mama mmoja wa Kiganda akakumbusha kwa upole kwamba kwao nguo hiyo ndiyo anayovishwa maiti. Mwezeshaji hakupinga wala hakuliondoa; alinyamaza, na baada ya muda watu wakaanza kuvisogeza vifinyango vyao, wengine wakivitoa pembeni kabisa, wengine wakivikusanya katikati. Mazungumzo yaliyofuata kuhusu waliozikwa mbali na nyumbani yasingepatikana kwa kuulizwa maswali.

Moto ulishughulikiwa kwa busara. Hakuna kilichowashwa, tulipewa makaa yaliyozimika yaliyotolewa kwenye sigiri, tukachora kwa hayo kilichobaki baada ya moto kupita. Katika chumba chenye watu waliochomewa nyumba, mshumaa ungekuwa ukatili. Hewa ilikuwa mchezo tu, kupuliza rangi kwa mrija juu ya karatasi, na sina la kuongeza ila kwamba mwenye pumu anapaswa kuulizwa mapema.

Maji ndiyo yaliyonipa shaka. Safari hii mwezeshaji alianza kwa kutangaza kwamba maji ni utulivu, akatutaka tuchore ziwa la amani kwa rangi za maji. Mwaka 2018 maelfu ya watu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, walikimbia mapigano wakavuka Ziwa Albert kwa mashua hadi Hoima, Uganda, na katika kikundi cha Wakongo mjini Kampala haifai kudhani kwamba hakuna aliyekuwa ndani ya mashua hizo. Mama mmoja aliipindua karatasi yake, akabaki akiosha burashi mpaka kipindi kikaisha. Tatizo lilikuwa mara mbili. Rangi ya majimaji haitawaliki kwa urahisi kama penseli, na kwa sababu hiyo huamsha hisia upesi. Sandra Kagin na Vija Lusebrink, wataalamu wa tiba ya sanaa wa Marekani, walilizingatia hilo katika mfumo wao wa mwaka 1978 unaotumiwa mpaka leo na wataalamu wa fani hii. Kumpa mtu nyenzo ya namna hiyo, kisha kumwekea na maana ambayo si yake, ni kumfungia mlango. Udongo ulifaulu kwa sababu hakuna aliyeambiwa una maana gani. Penseli na kalamu za nta zingewekwa pia mezani, na swali likawa: maji gani unayajua wewe?

Ada ni shilingi 25,000 kwa kipindi, chai na vifaa vikiwemo, na mwenye kitambulisho cha mkimbizi halipi. Mwezeshaji ni mshauri nasaha, si daktari, naye husema wazi kwamba mwenye kuhitaji dawa aende hospitalini. Lalamiko langu zito ni picha: mwisho wa kipindi msaidizi alipita na simu akipiga picha za kazi zetu kwa ajili ya kutangaza huduma, bila kumuuliza mtu. Nilipohoji, nilijibiwa kwamba ridhaa imo kwenye fomu ya kujiandikisha, nayo imeandikwa kwa Kiingereza pekee. Nimeomba itafsiriwe, na nimeahidiwa. Kwa sasa, anayejiunga aombe asomewe kifungu cha picha kabla hajatia saini, na asipokiafiki akikate kwa kalamu. Mimi nimekikata changu na sikukataliwa.