Tailscale kwenye kituo cha hali ya hewa Lushoto: uzoefu wangu wa mwaka na nusu

Kituo kipo shambani kwa shangazi yangu, Lushoto. Mimi naishi Dar es Salaam. Kituo chenyewe ni Davis Vantage Pro2, vipimo vya mvua na hali ya hewa vilivyosimamishwa kwenye nguzo kati ya viazi na kabichi, na ndani ya stoo kuna Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo inayoendesha WeeWX, programu ya bure inayosoma konsoli (kisanduku cha kituo chenye skrini) na kutunza data. Hakuna anayekaa na hiyo kompyuta; naingia humo kutoka mbali kwa Tailscale, programu inayounganisha mashine zangu popote zilipo. Shangazi ana ufunguo wa stoo, basi.

Zamani kompyuta ikigoma nilikuwa nampigia simu. "Shikamoo shangazi, naomba uniangalizie ile taa." Anakwenda, anarudi: "Mwanangu, nyekundu inawaka, ya kijani imelala." Hapo najua umeme upo ila kadi ya kumbukumbu haisomeki, na dawa yake ni basi hadi Mombo, kisha kuzipanda zile kona. Masika moja nilipanda mara tatu. Majirani wanatumia vile vipimo vya mvua kuamua kama wapulizie viazi dawa ya bakajani au wangoje, kwa hiyo kila siku iliyokosa data iliniuma.

Kilichonikwamisha muda mrefu ni laini ya simu. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo hata ufungue milango yote kwenye modemu, ukiwa nje huna pa kubisha hodi. Tailscale inaligeuza jambo hilo: Pi ndiyo inayotoka kwenda nje, inajitambulisha, na inabaki na njia ya kudumu inayolindwa kwa usimbaji wa WireGuard, ili mwingine asiweze kusoma kinachopita. Inapewa anwani yake inayoanzia na 100, na anwani hiyo haibadiliki hata nikibadilisha laini. Kwa matumizi binafsi sijalipa chochote. Kuiweka hakukunichukua hata nusu saa.

Kitu kimoja ukifanye kabla hujaondoka kituoni: kwa kawaida ufunguo wa Tailscale wa kila mashine huisha baada ya siku 180, na lazima mtu aingie upya. Kwa kompyuta ya mezani hilo ni sawa. Kwa kompyuta iliyofungiwa stoo mlimani, zima ukomo huo siku ya kwanza kwenye ukurasa wa usimamizi.

Sitaki kuvuta skrini nzima kwa intaneti ya bando. Naingia kwa SSH, njia ya kuiamuru kompyuta ya mbali kwa maandishi matupu, na hata mtandao ukiwa wa kusuasua herufi zinafika, japo kwa kuchelewa. Nikitaka kugusa mipangilio ya mtandao, kwanza naandika sudo shutdown -r +10, yaani jiwashe upya baada ya dakika 10. Kisha nabadilisha kwa muda tu, bila kuhifadhi. Nikijifungia nje, dakika 10 zikiisha Pi inaamka na mipangilio ya zamani. Nikibaki ndani, natuma shutdown -c kufuta ile amri, ndipo nahifadhi. Nilijifunza utaratibu huu baada ya usiku mmoja kuzima mashine kabisa wakati nilitaka kuiwasha upya. Siku hizi nina molly-guard pia: kabla ya kuzima inanidai niandike jina la mashine.

Lakini njia ya kuingilia haisaidii mashine iliyoganda. Hapo lazima ijiinue yenyewe, na kwangu hii ndiyo nusu kubwa ya kazi. Pi ina saa ya ulinzi ndani yake: niliiweka sekunde 15, mfumo ukikaa kimya muda huo, inajiwasha upya. Modemu nimeichomeka kwenye soketi ya saa, ile ya kuzungusha kwa mkono, inayoikatia umeme dakika 15 kila usiku wa manane. Modemu tu! Pi usiikatie umeme ovyo, utaharibu data. Kadi nayo niliiondoa, mfumo sasa uko kwenye SSD, diski ya kuchomeka kwa USB.

Halafu kuna kifaa ambacho ningekinunua kabla ya vingine vyote, logger, kumbukumbu ndogo inayochomekwa kwenye konsoli. Inatunza rekodi 2,560. Kwa rekodi ya kila dakika 5 hizo ni karibu siku 9, na kwa dakika 10 karibu siku 18. Pi 4 haina saa yenye betri, umeme ukikatika haijui ni saa ngapi mpaka ipate mtandao, ila rekodi za logger zimeshapigwa muhuri wa saa ya konsoli, na konsoli ina betri zake.

Vuli iliyopita umeme ulikatika siku mbili. Uliporudi nilikuwa kwenye daladala, nikafungua simu, nikaingia. WeeWX ilikuwa inavuta rekodi kutoka kwenye logger, moja baada ya nyingine: saa nane usiku milimita 0.2, saa nane na dakika tano 0.6, saa nane na dakika kumi 1.4. Mvua yote ya siku mbili ilikuwepo. Jioni nikampigia shangazi kumsalimia, nikamuuliza kama aliingia stoo. Hakuwa ameufungua mlango tangu Jumapili.