Gunia la mboga kwa anayetaka kupunguza kilo, Goma

Anayetaka kulima nyumbani Goma hukutana na jiwe kwanza. Lava ya volkeno ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji, na katika parseli nyingi jembe haliingii hata kiganja kimoja. Kwa nyumba hizo gunia la mboga, yaani gunia lililojazwa udongo na kupandwa mboga juu na kwenye matundu ya pembeni, ni chombo kizuri, ila wengi hulinunua wakitarajia kitu ambacho halitoi.

Gunia halikondeshi kwa kazi yake. Mtu wa kilo 70 akilima kwa jembe saa nzima hutumia kalori 300 hivi. Kumwagilia gunia na kuchuma ni dakika chache za kazi nyepesi. Jasho liko siku ya kulijaza, na kila siku kwenye bidoni la lita 20 kutoka robine. Faida kubwa iko kwenye sufuria. Gramu 100 za lengalenga (mchicha) mbichi zina kalori 23 hivi, kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina karibu 120. Mwenye majani mlangoni anaweza kujaza nusu ya sahani mboga kila jioni na kupunguza bugali bila kungoja siku ya soko. Akimimina mawese vijiko vitano na kuongeza karanga za kusaga, kilo zitabaki palepale. Pika na nyanya, kitunguu na samaki wadogo wakavu, sambaza, mafuta kijiko kimoja kwa sufuria ya watu wanne, inatosha kabisa.

Sifa nyingine haitajwi sana: mtu mnene mwenye maumivu ya magoti au mgongo anachuma akiwa amesimama. Kwa hilo tu gunia linashinda tuta.

Sasa ujazaji, maana hapo ndipo mengi huharibika. Gunia la kilo 100 linahitaji ndoo 4 za lita 20 za udongo na ndoo 2 za mavi ya ng'ombe yaliyooza. Mchanga wetu mweusi wa volkeno hupitisha maji upesi, kwa hiyo usipunguze mbolea hiyo. Mavi yakiwa bado na joto au harufu kali, yataunguza mizizi. Yaache miezi miwili au mitatu chini ya kifuniko. Simamisha katikati kopo la maziwa ya unga lililokatwa juu na chini, lijaze kokoto za lava za ukubwa wa yai, zungushia udongo, kisha livute juu na urudie mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo inayopeleka maji chini. Ikipinda, upande mmoja unalowa na mwingine unakauka, na gunia zima huanza kuegemea. Mawe yakiwa makubwa mno, maji yanashuka moja kwa moja na kutokea chini, na miche ya pembeni inabaki na kiu.

Matundu yawe mipasuko midogo ya sentimita 5, mistari mitatu ya matundu saba, yakipishana, umbali wa sentimita 20. Tundu kubwa linamwaga udongo kila unapomwagilia. Pembeni panda epinari na seleri kwa miche. Lengalenga sia juu, ukaanze kuvuna baada ya wiki tatu au nne. Ng'oa iliyosongamana kwanza, ile iliyobaki ikate sentimita 10 kutoka chini ichipue tena. Sombe usijaribu, muhogo unataka ardhi. Weka gunia mbali na ukuta, angalau sentimita 60, la sivyo upande wa ndani hauoni jua.

Kiangazi, Juni hadi Agosti, gunia linakunywa lita 10 hivi kwa siku, nusu asubuhi, nusu jioni. Maji ya ziwa Kivu yana chumvichumvi: ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, changanya na maji ya mvua. Vidukari wakijaa chini ya majani, nyunyiza jioni maji yenye kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwa lita moja, na uyaoshe majani vizuri kabla ya kupika.

Udhaifu ambao hauna dawa ni gunia lenyewe. Plastiki iliyosukwa huchakaa juani, na baada ya mwaka hivi nyuzi zinaanza kukatika na kuingia kwenye udongo. Kulizungushia mkeka wa zamani kunaongeza miezi, na tena ni kazi ya mara moja. Udadisi wa kuku nao uzuieni kwa wavu, mtajuta msipofanya hivyo.

Gunia moja halilishi familia. Watu wawili wanaotaka majani kila siku wawe na matatu, yaliyopandwa kwa kupishana wiki mbili. Ukinunua lililojazwa tayari, mimina maji katikati, subiri kidogo, ingiza kidole kwenye tundu la mstari wa kati. Kidole kikitoka kikavu huku maji yakitiririka chini, nguzo yake ni mbovu, chagua lingine.