Nilitaka boksi la kufungwa, nikaambiwa nikamlete shemeji

Jamani naandika hii nikiwa bado na hasira, na najua muda umepita, ilikuwa mwaka jana kabla ya Ramadhani, lakini kila nikifungua buti naisikia ile sauti ya fundi wa spika za gari, "dada, mlete shemeji tuongee nae, haya mambo ya sabufa utajichosha bure". Shemeji yupi? Gari la kwangu, hela ya kwangu, masikio ya kwangu.

Niseme kwanza mimi sio mtu wa kelele, sitaki vioo vya jirani vitikisike. Marehemu baba alikuwa mtu wa dansi, Jumapili mchana anawasha redio sebuleni anatuambia achaneni na mwimbaji kwanza, lisikilizeni gitaa la besi linavyotembea, na ukishalizoea hilo huwezi tena kusikiliza mziki bila kulifuata. Sasa kwenye IST yangu, kale ka gari kadogo, zile spika za mlangoni lile gitaa halipo kabisa, unalihisi tu kama mtu anaongea chumba cha pili. Nikajibana miezi kadhaa nikanunua sabufa, spika kubwa ya besi, ya inchi 12, mpya, ipo kwenye katoni yake, na amplifaya yake. Kilichobaki boksi la mbao la kuifungia.

Nikaenda mtaa wa Gerezani, Dar, duka silitaji. Nikamkuta fundi na vijana wanne. Nikamwambia kaka nataka boksi la kufungwa, lisilo na tundu, na karatasi ya spika hii hapa imeandika lita 28, maana kwangu sabufa ikija na karatasi ile karatasi ndo kila kitu, imeandikwa ukifunga boksi liwe na ukubwa gani na ukiweka tundu liwe na ukubwa gani na tundu lenyewe liwe na urefu gani. Hakuipokea hata kuisoma. Akaiweka chini akaweka kopo la gundi juu yake. Akasema boksi la kufungwa ni la wazee, halina mdundo, utarudi hapa unalia, ndo akaja na hayo ya shemeji na wale vijana wakacheka. Na mimi nilishaacha laki ya advansi. Nikanyamaza. Hicho ndo kinaniuma kuliko hela yenyewe, kwamba nilisimama pale nikanyamaza.

Boksi likatengenezwa mchana huohuo, la tundu. Mbao za MDF nzuri sitasema uongo, kapeti limevutwa vizuri, kona zimekaa. Lakini futi niliiona ikitoka mara moja tu, kupima kama boksi linaingia kwenye buti. Tundu akachukua kipande cha bomba la PVC la inchi 4, lile la maji machafu, akakata kwa msumeno kwa kukadiria na jicho, kafupi kama kiganja, akachomeka akapiga gundi, basi. Nikamuuliza mbona fupi, akasema "dada tulia utasikia".

Na kweli nilisikia, lazima niseme ukweli. Alivyojaribisha pale nje buti likiwa wazi, mdundo ulitoka mpaka watu wa duka la jirani wakaja kuangalia, nikatabasamu, nikalipa hela iliyobaki nikaondoka.

Shida ilianza barabara ya Kilwa kwenye foleni. Nimepandisha vioo nikaweka dansi, nyimbo ninazozijua toka sina meno, nikawa natafuta gitaa silioni. Kulikuwa na nooti moja tu, muuu, muuu, muuu. Gitaa likipita katikati ya shingo linavuma gari zima, likishuka chini kabisa linapotea, na pale linapopotea naona kwenye kioo cha nyuma koni ya sabufa, ule uso wake unaotikisika, inacheza kama kitambaa kwenye upepo lakini sauti hakuna, alafu kwenye tundu unasikia fuu fuu fuu kama mtu anapuliza moto wa mkaa. Nikajipa moyo labda spika mpya inahitaji kuzoea.

Haikuzoea. Kama wiki mbili hivi baadae mdogo wangu kaweka amapiano zake, zile za besi inayoshuka chini sana, sauti wala haikuwa juu tulikuwa tunaongea vizuri tu, nikasikia tak, tak, tak, alafu harufu ya kitu kinachoungua, alafu kimya. Spika ya miezi yangu yote ya kujibana.

Nimerudi pale asubuhi yake. Nilijua atasema nilifungulia sana, na ndo alichosema. Alafu akasema spika yenyewe feki, eti hilo duka nililonunua yeye halijui. Alafu akamgeukia kijana wake, sio mimi, akasema "si nilimwambia alete shemeji". Hela hakurudisha hata mia. Nilitoka pale machozi yananilengalenga, sio ya huzuni.

Usiku ule nikalitoa boksi nikalipima mwenyewe na futi ya kushonea. Ndani ni sentimita 50 kwa 32 kwa 28, zidisha unapata karibu lita 45, toa nafasi inayoliwa na spika na lile bomba inabaki kama 40. Boksi la tundu ni sawa na chupa ya soda ukiipuliza mdomoni, inatoa sauti yake moja, na sauti hiyo inategemea ukubwa wa chupa na urefu wa shingo. Shingo fupi sauti inapanda, shingo ndefu inashuka. Ukipiga hesabu, lita 40 na bomba la inchi 4 lenye urefu wa sentimita 10, chupa hiyo inalia kwenye hezi 58 hivi, yaani mitetemo 58 kwa sekunde. Gitaa la besi waya wake mnene kabisa ukiachiwa wazi ni hezi 41, unaofuata ni 55. Umeona? Ile nooti iliyokuwa inavuma gari zima ipo palepale kwenye 58, na zile za chini zote zimeanguka chini ya sauti hiyo ya tundu, na chini ya hapo boksi halimshiki tena spika, koni inakuwa kama inaning'inia hewani haina breki, inaenda mbele na nyuma kupita kiasi chake mpaka koili, ule waya uliosukwa nyuma ya koni, inajigonga. Kuishusha mpaka hezi 33, chini ya ule waya mnene, kwa boksi lilelile bomba lilitakiwa liwe karibu sentimita 46. Alikata 10. Na kwenye amplifaya kuna kichujio cha subsoniki kazi yake ni kuzuia hiyo besi ya chini ya tundu isimfikie spika, alikiacha kimezimwa. Kukosa dakika mbili za futi na dakika moja ya bisibisi, ndo kulikoniulia spika, alafu shemeji analaumiwa na hata hayupo.

Baadae, baada ya kuulizia sana, nikaelekezwa kwa mzee mmoja Temeke, anafanyia kibarazani kwake hana hata bango. Nimemwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, na swali la kwanza, naapa, swali la kwanza, "karatasi ya spika iko wapi?" Nilitaka kulia. Nikampa, ina duara la gundi katikati, akavaa miwani akaisoma yote kusimama. Akaniuliza unasikiliza nini, nikamwambia dansi, na singeli kidogo. Akasema basi funga, usiweke tundu. Ile koili ilishaungua na kukwaruzika, akaniambia hata ikisukwa upya mwanangu haitarudi kama ilivyokuwa, nikaenda kununua nyingine ileile.

Boksi la lita 28, kila kiungo kimepigwa gundi na silikoni kwa ndani, akajaza ile pamba ya kutengenezea mito, akafunga spika, akaniambia weka viganja viwili isukume koni taratibu alafu uachie. Ikarudi polepole, kama inavuta pumzi. Akasema unaona, hewa haina pa kutokea, hiyo hewa ndo springi yake, hata wimbo ushuke vipi inamshika.

Jamani. Narudi nyumbani Kilwa Road hiyohiyo, vioo juu, gitaa linatembea. Kila hatua. Linapanda linashuka linasita linarudi, na ile besi ya chini ambayo niliambiwa boksi la kufungwa halina, ipo, kwa sababu gari dogo likifungwa vioo lenyewe linaikuza. Nimepaki nje ya geti nikakaa mpaka wimbo ukaisha. Na singeli ile mipigo ya haraka inakatika safi moja moja, kwenye lile boksi la kwanza ilikuwa inapandana kama uji.

Kwaiyo jibu langu lilikuwa funga, funga, funga, nimewaambia watu wengi hivyo. Alafu juzijuzi binamu yangu kanipa lifti kwenda Bagamoyo kwenye Noah yake, ana boksi la tundu, kubwa, tundu lake sio bomba ni mwanya mrefu wa mbao unaokata kona, lilipigwa hesabu na mtu anayejua. Amplifaya ndogo kuliko yangu. Na nywele zilinisimama mikononi. Gitaa nalisikia, sio kwa ule usafi wa kwangu lakini lina mwili, lina uzito, kwa umeme uleule unapata mziki mkubwa zaidi, siwezi kukataa kitu nilichokisikia kwa masikio yangu. Kwenye gari kubwa na ukiwa na nafasi sijui kama nitamwambia mtu tena afunge.

Lakini kwa fundi anayekata bomba kwa jicho? Hapana, hapo narudi kwenye hasira yangu. Boksi la kufungwa likikosewa lita mbili tatu utapoteza utamu kidogo, spika itaishi. La tundu likikosewa unazika spika, na anayelikosea ndo huyohuyo anakwambia hujui.

Mzee anasema akinitengenezea la tundu litataka lita 50 na zaidi, buti lote linaisha, ndoo za maji nitaweka wapi. Nimemwambia nafikiria. Karatasi bado naitunza kwenye dashibodi na lile duara la gundi, na fundi yeyote atakayeligusa gari langu tena nampa kwanza hiyo, nasimama pembeni namwangalia kama anaisoma.